Kabla ya Kutia Sahihi: Maswali ya Kuuliza Unaponunua Pikipiki Mpya

(Haya ni maelezo yaliyotolewa na afisa wa habari wa kaunti mbele ya waendesha bodaboda na wakazi wa Kakuyuni. Tumeyachapisha kwa faida ya wakazi wa wadi nyingine pia.)

  

Nimeambiwa nina nusu saa, na naona wengine wenu mmeacha abiria stendi ili kuja kunisikiliza. Najua nusu saa kwa mwendesha bodaboda ni pesa, kwa hivyo nitakwenda moja kwa moja kwenye jambo lililonileta.

Wako watu duniani wanaonunua pikipiki kubwa za safari. Bila shaka mmewahi kuona moja ikipita Malindi, BMW au Royal Enfield, masanduku ubavuni, mwenyewe amevaa kama mwanaanga. Mtu huyo hanunui pikipiki ili ale. Ananunua ili atembee, afurahi. Lakini kabla ya kununua anazunguka maduka matatu au manne. Anaikalia kuona kama miguu yake inafika chini, anaiendesha kidogo, anauliza bei ya vipuri, anasoma mkataba, kisha anarudi nyumbani akalale nao. Wengine huchukua miezi.

Sisi tunanunua pikipiki ili tule. Itabeba mahindi kutoka Langobaya, itabeba embe na korosho kwenda Malindi, itapeleka mama mjamzito hospitalini saa nane za usiku. Itapita mchanga wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Ada ya shule iko pale, unga uko pale. Na sisi tunainunua kwa nusu saa. Muuzaji anasema, "Bosi, elfu ishirini na tano tu, unaondoka nayo leo," na tunaondoka nayo leo.

Nasema "sisi" kwa sababu nami nilikuwemo.

Yaliyompata mdogo wangu

Miaka michache iliyopita mdogo wangu aliamua kuacha kuendesha pikipiki ya mtu kwa hesabu ya kila siku. Alitaka yake. Aliniomba niende naye dukani, katika mji ambao sitautaja, kwa muuzaji ambaye pia sitamtaja. Aliniomba kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Nina shahada ya uandishi wa habari, na kazi yangu ni kuuliza maswali: nani, nini, wapi, lini, kwa nini, vipi. Siku ile sikuuliza hata moja.

Bei ya taslimu ya pikipiki ilikuwa shilingi 160,000. Malipo ya kwanza yalikuwa 25,000, kisha 3,200 kila wiki kwa wiki 78, yaani mwaka mmoja na nusu. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza, kurasa kumi na moja. Mdogo wangu alitia sahihi kama mkopaji, nami nikatia sahihi kama mdhamini. Tulipiga picha mbele ya duka, na picha hiyo bado iko kwenye simu yangu.

Alilipa wiki sitini bila kukosa. Kisha masika ikaja vibaya, njia za ndani zikakatika, na abiria wakapungua. Akachelewa wiki moja, ya pili, ya tatu. Asubuhi moja watu wawili walifika stendi na karatasi, wakaichukua pikipiki mbele ya wenzake. Alipofuatilia, aliambiwa alipe salio lote kwa mara moja, pamoja na gharama ya kuikamata na ada ya kuihifadhi kwa kila siku inayolala kwenye yadi. Hatukuwa nazo. Pikipiki ikauzwa.

Sasa tufanye hesabu. Wiki sitini mara 3,200 ni 192,000. Ongeza malipo ya kwanza, 25,000. Jumla ni 217,000. Kijana alikuwa amelipa shilingi 57,000 zaidi ya bei ya taslimu ya ile pikipiki, na akarudi nyumbani kwa miguu.

Ameniruhusu niyaseme haya. Yuko hapa leo, sitamwonyesha kwa kidole. Sikuja kuwaambia kwamba mikopo ni mibaya. Vijana wengi hapa wamepata pikipiki kwa mkopo, wakamaliza kulipa, na leo ni zao. Nimekuja na maswali ambayo ningepaswa kuyauliza siku ile.

Swali la kwanza: Inaenda kufanya kazi gani?

Anza na kazi, kisha utafute pikipiki. Kazi ya stendi ya mjini Malindi, lami mlango hadi mlango, si kazi ya Jilore au Langobaya. Mimi ni mfanyakazi wa serikali na siwezi kuwapigia debe kampuni yoyote, lakini nitawaambia mambo ya kutazama.

Tazama kimo kutoka chini ya injini hadi ardhini. Kwenye njia yenye makorongo, pikipiki ya chini itagonga. Tazama tairi: zenye meno hushika vizuri mchangani na kwenye matope kuliko zile laini za lami. Tazama shokamzoba za nyuma, kwa sababu gunia mbili na abiria si mzigo wa mtu mmoja, na kitabu cha pikipiki kinataja uzito unaoruhusiwa. Tazama rimu. Za spoki zikipinda, fundi wa kijijini anaweza kuzinyoosha. Za aloi hazihitaji kukazwa, lakini ikipasuka moja, mara nyingi unanunua nyingine.

Kisha uliza vipuri. Kabla ya kwenda dukani, nenda kwa fundi wako. Muulize: cheni na sproketi, kebo ya klachi, viatu vya breki na plagi za aina hii vinapatikana hapa, au hadi Malindi, au hadi Mombasa? Kila siku pikipiki inapolala ikisubiri kipuri, wewe huingizi kitu, na deni halilali. Pikipiki ya bei nafuu ambayo vipuri vyake haviko ni ghali.

Wanaofikiria pikipiki za umeme, swali lenu ni lile lile kwa sura nyingine: betri nitaichaji au nitaibadilisha wapi, na kutoka hapo hadi mwisho wa njia yangu na kurudi, itanifikisha? Usikubali jibu la "kituo kinakuja". Nunua kwa kituo kilichopo.

Na usione haya kuikalia. Omba uiwashe, omba uiendeshe hata kama ni uwanjani pale nyuma ya duka. Ni pesa zako.

Swali la pili: Nanunua kwa nani?

Duka halali lina kibali cha biashara cha kaunti, na kibali hicho kinapaswa kubandikwa mahali unapoweza kukiona. Hili ni jambo letu, sisi kaunti. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya leseni za biashara, biashara ya haki na vyama vya ushirika. Hukioni kibali? Uliza. Ukijibiwa kwa hasira, umeshapata jibu lako.

Kama unanunua kwa mkopo, jua pia nani anayekukopesha. Mara nyingi duka ni mmoja na mkopeshaji ni mwingine, ingawa wanakaa kwenye meza moja. Muulize mkopeshaji leseni yake. Sheria iliyopitishwa mwishoni mwa mwaka 2024 iliipa Benki Kuu ya Kenya mamlaka juu ya wakopeshaji wasiopokea amana kutoka kwa umma.

Pesa zilipwe kwa kampuni. Kama ni M-Pesa, iwe nambari ya kampuni, na jina linalotokea kwenye simu yako liwe la kampuni. Ukiambiwa, "Tuma kwa hii simu yangu, nitakuwekea," funga simu. Na kila shilingi unayotoa ipewe risiti. Risiti ya kodi ya eTIMS ndiyo inayoonyesha kwamba mauzo yameandikwa. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti ndizo daftari lako.

Swali la tatu: Jumla ni ngapi?

Hapa ndipo tulipoangukia sisi. Tuliuliza "kwa wiki ni ngapi?" Hatukuuliza "hadi mwisho ni ngapi?"

Chukua kalamu. Malipo ya kila wiki zidisha kwa idadi ya wiki, ongeza malipo ya kwanza, ongeza ada zote. Kwa mdogo wangu, 3,200 mara 78 ni 249,600. Ongeza 25,000, inakuwa 274,600. Pikipiki ya 160,000. Tofauti ni 114,600, na hiyo ndiyo bei ya kukopa. Alikopa 135,000, akatakiwa kurudisha karibu laki mbili na nusu.

Uliza riba inahesabiwaje. Kuna riba inayohesabiwa juu ya deni la mwanzo hadi siku ya mwisho, hata kama umeshalipa nusu. Na kuna riba inayopungua kila unapopunguza deni. Maneno "asilimia kumi" yanaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Uliza pia: ni asilimia kumi kwa mwezi au kwa mwaka?

Sasa linganisha. Vyama vingi vya akiba na mikopo hutoza asilimia moja kwa mwezi kwa riba inayopungua. Shilingi 135,000 hizo hizo, kwa miezi 18, ukilipa mtaji kwa mafungu sawa, riba yake yote ni 12,825. Najua chama kina masharti yake. Wengi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, kwa hivyo ungehitaji akiba ya 45,000, na wadhamini, na subira. Lakini tofauti ya 114,600 na 12,825 ni zaidi ya laki moja. Kwa laki moja kijana anasubiri miezi kadhaa.

Na kuna njia ya tatu, ambayo haina muuzaji wa kuitangaza. Zile 3,200 za kila wiki, kama zingewekwa badala ya kulipwa, zingefika 135,000 kwa wiki 43. Miezi kumi. Anayeendesha pikipiki ya mtu kwa hesabu ataniambia kuweka hivyo ni vigumu, kwa sababu hesabu inatoka kwanza. Ni kweli. Lakini hata akiweka nusu, malipo yake ya kwanza yatakuwa makubwa, na deni litakuwa dogo. Kundi la stendi likiamua kuweka pamoja, linaweza kununua moja baada ya nyingine, na likienda dukani kununua tatu kwa mpigo, muuzaji atazungumza lugha nyingine. Afisa wa ushirika wa kaunti anaweza kuwasaidia kusajili chama. Hiyo ni kazi yake, hatozi hongo na msimpe.

Swali la nne: Nikishindwa kulipa, itakuwaje?

Hakuna anayependa kuuliza swali hili siku ya furaha. Uliza siku hiyo hiyo.

Kwanza, uliza mkataba ni wa aina gani. Kuna mkataba wa kukodi na kununua, unaolindwa na Sheria ya Hire Purchase, Sura ya 507. Chini ya sheria hiyo, ukishalipa theluthi mbili ya bei yote ya mkataba, mwenye mali hawezi kuichukua pikipiki bila kwenda mahakamani. Theluthi mbili ya 274,600 ni kama 183,000. Mdogo wangu alikuwa amelipa 217,000. Niliposoma hayo nilifurahi sana, nikadhani tumeshinda.

Kisha nikausoma mkataba wetu, safari hii ukurasa kwa ukurasa. Haukuwa wa kukodi na kununua. Ulikuwa mkopo wa kawaida, na pikipiki ikawekwa kama dhamana. Mikataba ya namna hiyo iko chini ya sheria nyingine, ile ya mwaka 2017 inayohusu dhamana za mali zinazohamishika, na kinga ya theluthi mbili haimo. Kwa sisi wawili dukani, mikataba hiyo miwili ingeonekana sawa: pikipiki ile ile, malipo yale yale. Tofauti ilikuwa kwenye karatasi ambayo hatukuisoma.

Hata hivyo, sheria hiyo ya 2017 haikuachi bila chochote. Mkopeshaji anapaswa kukujulisha kwamba umekiuka mkataba. Kabla pikipiki haijauzwa, una haki ya kuikomboa kwa kulipa deni na gharama. Na ikiuzwa kwa zaidi ya unachodaiwa, ziada ni yako. Sisi hatukujua kuuliza iliuzwa kwa ngapi. Wewe uliza, na uulize kwa maandishi.

Yaliyobaki ni ya kuuliza kabla ya sahihi. Nikichelewa siku ngapi ndipo inachukuliwa? Faini ya kuchelewa ni kiasi gani? Ada ya yadi ni ngapi kwa siku? Nikiugua au njia ikikatika, naweza kuomba muda, na nimwombe nani? Nikitaka kumaliza mapema, nitapunguziwa riba au nitalipa yote? Kile kifaa cha kufuatilia pikipiki, nani anakilipia, na kitaondolewa siku nikimaliza? Majibu yaandikwe. Ahadi ya mdomo haisimami mahakamani kama karatasi inasema vingine.

Neno kwa wadhamini, yaani kwa watu kama mimi: kudhamini si kumsindikiza mtu. Ni kukubali kulipa asipolipa. Baada ya pikipiki kuchukuliwa, simu zilianza kuja kwangu.

Na kama mkataba ni wa Kiingereza, beba nakala nyumbani. Mwalimu yuko, kijana aliyemaliza kidato cha nne yuko, ofisi yetu iko. Muuzaji anayekukatalia kuubeba mkataba usiku mmoja anakuficha kitu. Katiba, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na anachonunua. Haki hiyo ni ya mwenye bodaboda kama ilivyo ya mwenye hoteli.

Swali la tano: Imeandikwa kwa jina la nani?

Pikipiki mpya haitakiwi kuingia barabarani kabla ya kusajiliwa na NTSA na kupewa nambari yake, zile zinazoanza na KM. Usajili hupitia eCitizen, na utahitaji kitambulisho na PIN ya KRA.

Sikilizeni hapa, vijana. Akaunti ya eCitizen iwe yako, kwa nambari yako ya simu na neno la siri unalolijua wewe. Wengi wetu tulifunguliwa akaunti na kijana wa saiba kwa nambari yake, na siku ya kuhamisha umiliki tunamtafuta na hayupo. Kama huwezi mwenyewe, nenda kituo cha Huduma.

Kwa mkopo, kitabu cha umiliki, logbook, huandikwa majina mawili: lako na la mkopeshaji. Hilo ni la kawaida. Swali ni hili: nikimaliza kulipa, jina lenu litaondolewa kwa siku ngapi, na gharama ni ya nani? Kuna watu waliomaliza deni zamani, na hadi leo kwenye rekodi pikipiki si yao peke yao. Hawawezi kuiuza wala kuiweka dhamana. Siku unayolipa shilingi ya mwisho, omba barua ya kumaliza deni kabla hujaondoka.

Unapoichukua, inama uisome. Nambari ya chesisi na nambari ya injini zilizopigwa chumani zilingane na zilizo kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Hesabu funguo, ziwe mbili. Chukua kitabu cha maelekezo na karatasi ya warranti, na uulize inasimamia nini na inavunjwa na nini. Mara nyingi inavunjwa ukikosa sevisi ya kwanza, ile ya kumwaga oili baada ya kilomita chache za mwanzo, au ukiifanya kwa fundi ambaye kampuni haimtambui. Na usiibebeshe magunia wiki ya kwanza. Injini mpya inahitaji kuzoeshwa taratibu, na kitabu kitakwambia kwa kilomita ngapi.

Swali la sita: Nini kingine kinatakiwa kabla sijabeba abiria?

Bei ya pikipiki si gharama yote. Weka pesa za bima, leseni, kofia mbili na majaketi ya kuakisi mwanga.

Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria. Mwambie wakala wazi kwamba unabeba abiria kwa malipo. Ukikata bima ya matumizi ya kibinafsi kwa kuwa ni rahisi kidogo, kisha ukapata ajali ukiwa na abiria, kampuni ya bima inaweza kukukana, na mzigo wa hospitali utakuwa wako. Leseni ya kubeba abiria ni ya daraja la A3. Na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaruhusu abiria mmoja tu. Najua mnacheka. Najua pia wodi ya mifupa, na wengi mle hawacheki.

Kwa wale wanaoota kupeleka watalii hadi Sala Gate: barabara ni yetu sote hadi langoni, lakini pikipiki haziruhusiwi kuingia mbuga ya Tsavo Mashariki. Simba hatambui leseni.

Nikidhulumiwa, niende wapi?

Anza na muuzaji, kwa barua, ukabaki na nakala. Duka likiuza kitu kibovu au likikudanganya, leta habari katika ofisi ya biashara ya kaunti. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya wanunuzi, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 iko upande wako. Na kuna mahakama ya madai madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Humo huhitaji wakili, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Ulizeni katika mahakama ya Malindi jinsi ya kuifikia.

Lakini nitawaambia ukweli kama ndugu. Mahakama ni mbali, na karatasi uliyotia sahihi ndiyo itakayosomwa mbele ya hakimu. Nguvu yako kubwa unayo kabla ya kushika kalamu. Ukishaishika, umempa muuzaji nusu yake.

Nimalizie. Mdogo wangu alirudi kuendesha pikipiki ya mtu kwa hesabu. Ameweka akiba, kidogo kidogo, yeye na wenzake sita wa stendi moja. Mwezi ujao anakwenda tena dukani. Jana usiku nilimkuta kwenye taa anaandika maswali haya kwenye daftari la mtoto wake, yale yale sita. Akaniuliza kama nitamsindikiza. Nikamwambia nitakuja, na safari hii nitakaa kimya, yeye ndiye atakayeuliza.

Kuuliza si ujinga. Mkifika dukani mwambieni muuzaji, "Subiri kidogo, kaka, nina maswali sita." Muuzaji mzuri atavuta kiti. Mwingine ataanza kutazama saa yake, na hapo mtajua mwende duka la jirani.

Mungu awalinde barabarani.